Huyo Mbwamwitu Si wa Enzi za Romulus

Nimetumiwa tena picha ya sarafu ndogo ya shaba, mbwamwitu jike ananyonyesha watoto pacha, na mwenye nayo anauliza kama ni ya mwaka 753 KK, maana Romulus na Remus wamo, wale pacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma mwaka huo. Hapana. Nimechoka kulijibu swali hili mtu mmoja mmoja, basi nalijibu hapa.

Zama hizo Roma haikuwa na sarafu kabisa. Ilipita zaidi ya miaka 400 ndipo ikaanza kupiga za kwake, na huyu mbwamwitu alishawekwa kwenye sarafu ya fedha ya karne ya 3 KK. Hii ya shaba ni ya Constantine, mfalme wa Roma, ilianza kupigwa mwaka 330 BK alipozindua mji wa Constantinople, Istanbul ya leo. Mji mpya ulipata sarafu yake, Victoria, mungu wa kike wa ushindi, amesimama juu ya omo ya meli. Roma ikapewa mbwamwitu wake, isije ikajiona imetupwa. Na kile kichwa cha upande wa pili si cha mfalme! Ni Roma yenyewe, mwanamke mwenye kofia ya vita, na maandishi VRBS ROMA. Jina la mfalme halimo.

Sasa igeuze, utazame chini ya miguu ya mnyama: herufi za hapo hutaja mji na karakana iliyoipiga. TRP ni mji wa Trier, karakana yake ya kwanza. SMALA ni Alexandria. Linaloniudhi ni PCONST: wauzaji huandika "Constantinople" na wanunuzi hukubali. Ni Arles, kusini mwa Ufaransa ya leo! Mji huo ulipewa jina la Constantina mwaka 328. Za Constantinople husomeka CONS, kisha herufi ya Kigiriki ya karakana: CONSA, CONSB. Herufi ya karakana ikitangulia na T ikafunga, uko Arles. Chukua lenzi, mulika kwa ubavuni, soma herufi moja moja. Ile ya kwanza mara nyingi imekatwa na ukingo.

Nyota mbili za juu, vitabu vinasema ni Castor na Pollux, miungu pacha, utadhani imeandikwa kwenye shaba. Pacha juu ya pacha, naona mantiki yake. Lakini Arles hiyohiyo ilipiga nyingine zenye alama ya Kristo katikati ya nyota hizo, na hapo nasita: mchongaji bado aliwaza miungu, au zilishakuwa pambo tu?

Bei? Zilipigwa kwa wingi mno, kwa hiyo nyingi ni rahisi. Ila usiisugue kwa ndimu, nakuomba. Ule utando wa kijani ukitoka, herufi za chini nazo huenda nao.