Bristol: Haramia na Mfanyabiashara Walitenganishwa na Karatasi

Swali tunaloulizwa mara nyingi kuliko yote, sisi tunaoshughulika na historia ya bahari, ni hili: Je, Blackbeard (yaani Ndevu Nyeusi), yule haramia mashuhuri, alikuwa mtu wa Bristol, mji wa bandari wa magharibi mwa Uingereza? Jibu fupi ni kwamba huenda. Kitabu kimoja cha habari za maharamia, kilichochapishwa London mwaka 1724, ndicho kilichosema kwamba Edward Teach, ndilo jina la Blackbeard, alizaliwa Bristol, na tangu hapo waongoza watalii wa mji huo hulirudia jambo hilo kana kwamba wameshika cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Cheti hakipo. Hata jina lenyewe huandikwa kwa namna tofauti, Teach, Thatch, Thache, na wapo watafiti wanaoitafuta familia yake Jamaica.

Yaliyo wazi ni ya mwisho wa maisha yake. Novemba 1717 aliteka merikebu ya Kifaransa ya kubebea watumwa, La Concorde ya Nantes, akaipa jina la Queen Anne's Revenge. Mei 1718 aliifunga bandari ya Charleston huko Marekani, na alichodai ili awaachie mateka wake hakikuwa dhahabu. Alitaka sanduku la dawa. Tarehe 22 Novemba mwaka huohuo aliuawa Ocracoke, pwani ya North Carolina, na mwilini mwake zikahesabiwa risasi tano na majeraha ya panga yapatayo ishirini. Mabaki ya merikebu yake yaligunduliwa mwaka 1996.

Tatizo la Blackbeard ni kwamba ndevu zake zimeifunika historia yenyewe. Mtu akitaka kuelewa Bristol ilihusika vipi na uharamia, asianzie kwake. Aanzie kwa wenye nyumba nzuri, wenye viti vyao kanisani na sauti katika baraza la mji, maana hao ndio waliotuma merikebu kwenda kunyang'anya, tena kwa ruhusa ya serikali.

Kwanza bandari. Bristol haiko ufukweni. Iko ndani, kando ya mto Avon, kilomita zipatazo kumi kutoka mlango wa mto. Mvuvi wa Dar es Salaam aliyezoea bamvua ya mita nne hivi angeshangaa kuona kule maji yakipanda na kushuka zaidi ya mita 12. Maji yalipokupwa, merikebu iliyofungwa gatini ilikaa juu ya tope, na kama ubavu wake ulikuwa dhaifu au shehena haikufungwa sawasawa, hasara ilikuwa palepale. Hali hiyo haikwisha mpaka mwaka 1809, walipouziba mto kwa milango na kupata bandari yenye maji wakati wote. Pamoja na taabu hiyo mji ulitajirika. John Cabot alitoka hapo mwaka 1497 akavuka Atlantiki, na mwaka 1698, Kampuni ya Kifalme ya Afrika ilipopoteza ukiritimba wake wa biashara ya Waingereza na Afrika, matajiri wa Bristol waliingia moja kwa moja katika biashara ya kununua watu Afrika Magharibi na kuwauza visiwa vya Karibi na Marekani. Kufikia miaka ya 1730 walikuwa wameipita London katika biashara hiyo. Kwa jumla Bristol ilituma safari za watumwa zaidi ya 2,000 kabla ya Bunge kuipiga marufuku mwaka 1807.

Sasa karatasi. Vita vilipozuka, serikali ya Uingereza iliwapa wenye merikebu binafsi hati ya kuteka vyombo vya adui. Mwenye hati aliweza kuishambulia merikebu ya Kihispania au ya Kifaransa, kuchukua shehena, kisha kuipeleka kesi mbele ya mahakama maalumu. Mahakama ikisema ngawira ni halali, wenye hisa hugawana. Mtu asiye na hati akifanya tendo hilohilo, saa ileile, kwa mizinga ileile, alinyongwa. Mwaka 1708 Bunge lilizidi kuinogesha biashara hiyo: Malkia Anne aliacha fungu lake la ngawira, yote ikabaki kwa walioteka na waliowagharamia.

Bristol haikungoja kuambiwa mara mbili. Agosti 1708 merikebu mbili, Duke na Duchess, zilitoka kwenye mlango wa Avon chini ya nahodha Woodes Rogers. Waliotoa mtaji walikuwa watu wakubwa wa mji, wakiwemo waliokuwa mameya. Mwenye fungu kubwa kuliko wote alikuwa Thomas Goldney, na huyu alikuwa Kwekwa, yaani muumini wa dhehebu linalokataza vita na kushika silaha. Sijaona mfano mzuri kuliko huo wa kukuonyesha faida inavyoweza kulala kitanda kimoja na dini bila kugombana. Thomas Dover, daktari, naye alitoa fedha akapanda mwenyewe. Kiongozi wa njia alikuwa William Dampier, aliyekwisha kuizunguka dunia na aliyewahi kusafiri na maharamia.

Mabaharia walikuwa zaidi ya 300, karibu theluthi yao wageni. Rogers mwenyewe aliorodhesha walivyokuwa: mafundi wa kuziba masufuria, washonaji nguo, wakata nyasi, wachuuzi, wapiga fidla, mtu mweusi mmoja na watoto wa kiume wapatao kumi. Hao ndio waliokwenda kupigana na himaya ya Hispania.

Hata mwezi wa pili haujaisha, waliisimamisha merikebu moja ya Sweden. Sweden haikuwa adui. Rogers akaikagua, hakuona bidhaa haramu, akaiachia. Mabaharia wakachachamaa: wao walikuja kuteka, na chombo kile pale, kimejaa, kinaachwa kiende zake. Walianza uasi, na nahodha akawatia pingu viongozi wao. Tukio hilo dogo linaeleza mengi. Kwa baharia wa kawaida karatasi haikuwa na uzito wowote. Njaa yake ilikuwa ileile kwa rafiki na kwa adui. Waliojali karatasi ni wenye mali, kwa kuwa wao ndio ambao wangeshtakiwa London.

Februari 1709, kwenye kisiwa cha Juan Fernández upande wa Chile, walimkuta mtu amevaa ngozi za mbuzi. Alikuwa Alexander Selkirk, Mskoti aliyeachwa hapo peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Habari yake imesimuliwa vya kutosha na sitairudia hapa, isipokuwa kwamba miezi michache baadaye Selkirk huyo alikuwa miongoni mwa viongozi wa kundi lililopekua nyumba za kando ya mto huko Guayaquil, ambako wanawake walikuwa wamejizungushia mikufu ya dhahabu miguuni na viunoni chini ya nguo. Waafrika waliokutwa katika merikebu za Kihispania walihesabiwa kuwa sehemu ya ngawira, na baadhi yao wakauzwa njiani.

Desemba 1709, pwani ya Mexico, walipata walichokifuata: merikebu ya Kihispania ya hazina itokayo Manila. Katika mapigano risasi ilimpiga Rogers kwenye taya la juu, na meno yake yakadondoka kwenye sitaha pale alipoanguka. Alishindwa kusema, akaendelea kutoa amri kwa kuandika. Walirudi Uingereza Oktoba 1711, wakiwa wameizunguka dunia, na mali ya pauni zipatazo 148,000. Theluthi mbili zilikwenda kwa wenye hisa. Kampuni ya East India, iliyoshika ukiritimba wa biashara ya Waingereza na Asia, nayo ilidai kwamba wameingia katika bahari zake bila idhini, ikalipwa zaidi ya pauni 6,000 ili inyamaze. Mabaharia walilalamika hadi Bungeni kwamba wamepunjwa. Rogers, aliyepoteza taya na mdogo wake katika safari ile, aliambulia fungu lisilotosha kulipa madeni, akafilisika. Familia ya Goldney ilistawi. Fedha zake ziliingia katika kiwanda cha chuma cha Coalbrookdale, na bustani yao yenye pango lililopambwa kwa kombe za baharini ipo mpaka leo katika makazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bristol.

Baada ya kufilisika Rogers alikwenda Madagaska, akanunua watu na kuwapeleka Sumatra kuwauza. Mwaka 1718 aliteuliwa kuwa gavana wa Bahamas, ambako Nassau ilikuwa imegeuka kambi ya maharamia. Alikwenda na msamaha wa mfalme kwa atakayejisalimisha na kamba kwa atakayekaidi, na Desemba ya mwaka huo alinyonga wanane. Kaulimbiu ya Kilatini iliyotokana na kazi yake, isemayo maharamia wamefukuzwa na biashara imerejea, ilibaki kuwa ya Bahamas mpaka uhuru wa 1973.

Wasomaji wenye umri wangu huenda waliifahamu Bristol darasani, kupitia Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Robert Louis Stevenson ya 1883. Merikebu ya riwaya hiyo inatoka Bristol, na baa moja ya zamani kwenye mtaa wa King Street, Llandoger Trow, hujinasibu kuwa ndiyo iliyompa mwandishi mawazo. Ni mahali pazuri pa kunywa. Kama ushahidi wa kihistoria, ningependa zaidi uingie baa nyingine, Seven Stars, kwenye kichochoro cha Thomas Lane. Hapo mwaka 1787 Thomas Clarkson alikusanya ushahidi dhidi ya biashara ya utumwa, na mengi aliyoyasikia yalihusu mabaharia wazungu wenyewe: walivyoleweshwa ndipo wakatiwa merikebuni, walivyopigwa, na walivyoteswa makusudi wafikapo Karibi ili watoroke na mishahara yao ibaki kwa wenye mali.

Mambo hayo hayakuanza enzi ya Clarkson. Vita vile vya Uingereza na Hispania na Ufaransa vilikwisha mwaka 1713 na makumi ya maelfu ya mabaharia wakakosa kazi. Waliobahatika waliangukia merikebu za watumwa, chini ya manahodha wa namna hiyo. Mmoja aliitwa Skinner, nahodha wa Cadogan ya Bristol. Kitabu kile cha 1724 kinasimulia kwamba aligombana na baadhi ya watu wake, akawahamishia kwa nguvu kwenye manowari na kuwanyima ujira wao. Wakatoroka, wakawa maharamia. Mwaka 1718 Skinner akiwa Sierra Leone alitekwa na haramia Edward England, na alipopandishwa kwenye merikebu ya haramia huyo, mtu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa serahangi wake wa zamani, mmoja wa wale aliowadhulumu. Serahangi alimwambia kwamba ndiye mtu aliyekuwa akitamani kumwona. Alikuwa na deni naye, na leo atalilipa lote. Walimfunga kwenye mtambo wa kuvutia nanga, wakamrushia chupa za vioo, wakamchapa wakimzungusha sitahani, kisha, wakisema kwamba alikuwa bwana mwema kwa watu wake na hivyo anastahili kifo chepesi, wakampiga risasi ya kichwa.

England huyo alifika mpaka bahari yetu. Agosti 1720 alipambana na Cassandra, merikebu ya Kampuni ya East India, karibu na Nzwani katika visiwa vya Komoro. Waingereza walikiita kisiwa hicho Johanna, na merikebu ziendazo India zilipumzika hapo kuchota maji na kununua ng'ombe na matunda. Nahodha wa Cassandra, James Macrae, alikimbilia nchi kavu akiwa na jeraha la kichwa. Maharamia walitangaza dola 10,000 kwa mwenyeji atakayemleta. Kwa maelezo ya Macrae mwenyewe, wengi wangezipokea, lakini walijua kwamba mfalme wa kisiwa na wakuu wake walikuwa upande wake. Siku kumi baadaye alijitokeza kufanya suluhu, na aliyemwokoa ni haramia mmoja mwenye mguu wa mti na bastola zimemjaa mwilini, ambaye aliwahi kusafiri naye na akaapa kwamba hakuna mtu atakayemgusa. Macrae alikuja kuwa gavana wa Madras, India. England, kwa kosa la kuwa mpole, alitupwa na watu wake mwenyewe kisiwani Mauritius, akaishia Madagaska, maskini.

Na ile Cadogan? Maharamia waliiacha mikononi mwa msaidizi wa nahodha, Howell Davis, ambaye naye akawa haramia. Mwaka 1719, pwani ya Ghana ya leo, Davis aliteka merikebu ya watumwa ya London na kumchukua baharia mmoja Mwelsh, Bartholomew Roberts, aliyekuja kuteka vyombo vingi kuliko haramia yeyote wa zama zake. Roberts aliuawa Februari 1722 karibu na Cape Lopez, Gabon, na watu wake wakapelekwa kwenye ngome ya Cape Coast, ghala kuu la biashara ya watumwa ya Waingereza. Wazungu walisomewa mashtaka, wakasikilizwa mmoja mmoja. Wengine waliachiwa, 52 wakanyongwa. Waafrika wapatao 70 waliokuwa katika merikebu za Roberts hawakufikishwa mahakamani hata kidogo. Waliuzwa.