Mgonjwa Mmoja, Watawa 180: Ushahidi Unavyopimwa katika Saikolojia

Wanafunzi ninaowasimamia tasnifu za saikolojia hukimbilia uchambuzi wa maudhui, yaani kuyapanga maneno ya maandishi katika makundi, wakidhani ni kazi nyepesi ya kusoma na kuhesabu, na hukwepa uchunguzi kifani, yaani kuchunguza kisa kimoja kwa kina, kwa kuwa wamekwisha kuambiwa kwamba mtu mmoja hathibitishi chochote. Dhana zote mbili zinapotosha, kwani kila mojawapo ya mbinu hizi humtaka mtafiti aseme mapema ni jambo gani likijitokeza litaiangusha hoja yake.

Nichukue kisa cha Henry Molaison, Mmarekani aliyetajwa katika maandishi ya kitaalamu kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa ubongo huko Hartford, Connecticut, kwa sababu ya kifafa kilichoshindikana kwa dawa. Daktari William Scoville alimwondolea tishu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo mtu aliyezungumza naye kisha akatoka nje kwa dakika chache alikuwa mgeni kwake aliporudi.

Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyesafiri kutoka Montreal kwenda kumpima, alimpa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Kazi hiyo humtatiza kila anayeianza, maana mkono huelekea kinyume na linavyoona jicho. Katika siku tatu makosa ya Molaison yalipungua hatua kwa hatua, ilhali kila alipoketi hakukumbuka kwamba amewahi kuifanya. Kama kumbukumbu ingekuwa kitu kimoja, aliyeipoteza angekosa yote. Yeye alikosa kumbukumbu ya matukio mapya, akabaki na uwezo wa kujifunza stadi za mkono. Dai la jumla kwamba kumbukumbu ni moja lilianguka kwa mtu mmoja, na halikuhitaji sampuli ya mamia.

Kujenga dai jipya ni jambo jingine. Watu wengi husahau kwamba ripoti ya Scoville na Milner ya mwaka 1957 ilihusu wagonjwa 10, na kwamba upotevu wa kumbukumbu ulionekana kwa wale ambao upasuaji wao ulifika nyuma kiasi cha kuiharibu hipokampasi. Bila ulinganisho huo, kisa cha Molaison kingebaki cha kushangaza tu. Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba mtu huyu alipimwa kwa zaidi ya nusu karne bila kuweza kukumbuka ridhaa aliyoitoa jana yake; anayefanya uchunguzi kifani anapaswa kulitafakari hilo kabla ya kufungua daftari.

Katika uchambuzi wa maudhui, mfano ninaoupenda ulichapishwa mwaka 2001 na Deborah Danner, David Snowdon na Wallace Friesen. Walichambua wasifu mfupi ulioandikwa kwa mkono na watawa Wakatoliki 180 nchini Marekani, wengi wakiwa katika miaka ya ishirini, wakatenga maneno ya hisia njema, hisia mbaya na yasiyoegemea upande. Kati ya umri wa miaka 75 na 95, kundi lililoeleza hisia njema kwa uchache zaidi lilikuwa na hatari ya kufariki mara 2.5 kuliko lililozieleza kwa wingi zaidi. Nguvu ya utafiti huu ni kwamba maandishi yalikuwepo miongo kadhaa kabla ya swali kuulizwa, na kwamba watawa waliishi maisha yanayofanana. Hata hivyo, hauthibitishi kuwa furaha hurefusha maisha; unaonyesha uhusiano tu, tena katika maandishi yaliyoandikwa kwa agizo la mkuu wa shirika.

Ugumu wa mbinu hii uko kwenye usimbaji, yaani kuamua kila usemi uingie kundi gani. Mhojiwa aliyefiwa anaposema, “Tunamshukuru Mungu, tunaendelea,” je, hiyo ni hisia njema, au ni adabu ya kujibu pole? Msimbaji mmoja ataiweka huku, mwingine kule, na kila mmoja atakuwa na hoja. Ndiyo maana nadai wasimbaji wawili wanaofanya kazi bila kuonana, na makubaliano yao yapimwe kwa kapa ya Cohen, kipimo kinachoondoa makubaliano yanayotokea kwa bahati tu. Tuseme wamekubaliana katika sentensi 80 kati ya 100, na kila mmoja ameziita njema sentensi 70 na zisizo njema 30. Kwa bahati tu wangetarajiwa kukubaliana katika sentensi 58. Ukiondoa hizo, zinabaki 22 kati ya 42, yaani kapa ya takriban 0.52, ambayo ni makubaliano ya wastani, ingawa asilimia 80 ilionekana ya kuridhisha.

Kapa ikiwa ndogo, tofauti isimalizwe kwa kumfuata mwenye cheo kikubwa. Kanuni iandikwe upya, ikiwa na mfano wa kinachoingia na kisichoingia, kisha maandishi yote, hata yale yaliyokwisha kukubaliwa, yasimbwe tena kuanzia ukurasa wa kwanza.