Taa za LED kwa tangi la matumbawe: yanayosemwa na ukweli wake

Anayetaka kufuga matumbawe nyumbani huanza na swali hili: ninunue taa ya wati ngapi? Dhana ya kwanza imo humo humo ndani ya swali.

"Wati nyingi, mwanga mwingi"

Wati ni umeme unaoingia kwenye taa. Zamani za mirija ya fluoresenti watu walipiga hesabu ya wati kwa kila lita ya maji, na kwa kuwa mirija ilifanana, hesabu ile haikwenda mbali na ukweli. Kwa LED haifai tena. Taa mbili za wati 100 zinaweza kupishana sana kwa mwanga, kutegemea ubora wa chipu, lenzi na jinsi taa inavyopozwa.

Wengine hukimbilia lumeni, yaani kipimo cha mwangaza wa taa, nazo zinapotosha vilevile. Lumeni hufuata jicho la binadamu, ambalo mchana huona vizuri zaidi kijani cha karibu na nanomita 555 (nanomita hupima urefu wa wimbi la mwanga, unaoamua rangi yake). Bluu ya nanomita 450, ambayo tumbawe linaihitaji sana, jicho huiona hafifu, basi na lumeni huihesabu kidogo. Taa nzuri ya matumbawe inaweza kuzidiwa lumeni na taa ya kawaida ya sebuleni.

Kipimo cha kufuata ni PAR, yaani mwanga wa kati ya nanomita 400 na 700 ambao mimea na mwani hutumia kujitengenezea chakula. Huhesabiwa kwa maikromoli za fotoni zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde. Zoanthus, wanaofanana na maua madogo, na matumbawe mengi laini huridhika na 50 hadi 150. Euphyllia, tumbawe lenye minyiri mirefu, hukaa vizuri hapo karibu na 100. Acropora, tumbawe gumu lenye matawi, hutaka 200 hadi 350. Bahari ya tropiki saa sita mchana, juu kabisa ya maji, hupata kama 2,000. Pima ndani ya maji, pale pale tumbawe litakapokaa. Kipima PAR ni ghali na hutumika mara chache, hivyo ni busara wafugaji kadhaa wakichangia kimoja. Programu za simu nyingi hupima luksi, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba, na luksi ina kasoro ile ile ya lumeni.

"Bluu ni urembo tu"

Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wa seli moja, ambao hutumia mwanga kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Klorofili za mwani huo hufyonza bluu kwa nguvu. Bahari nayo imewazoesha hivyo: nyekundu hunyonywa na maji katika mita chache za mwanzo, bluu ikazama mbali. Usihofu kwamba taa nyeupe haina bluu. LED nyeupe kwa kawaida ni chipu ya bluu iliyopakwa fosfori ya manjano, dutu inayogeuza sehemu ya bluu kuwa rangi nyingine. Ndiyo maana ugunduzi wa LED ya bluu uliwapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Wapo waliovuka mpaka upande wa pili, wanawasha bluu peke yake kwa sababu matumbawe hung'aa kijani na chungwa. Mng'ao ule hutoka kwenye protini zinazopokea bluu na kuirudisha kwa rangi nyingine. Usiusome kama cheti cha afya. Tumbawe linalopoteza mwani wake linaweza kung'aa kuliko jirani yake mzima, kwa sababu rangi ya kahawia iliyokuwa ikifunika protini hizo imeondoka. Changanya nyeupe kiasi, angalau saa chache kwa siku, uone hali halisi.

Na kelvini? Hizo hueleza rangi ya mwanga. 20,000 ni bluu zaidi kuliko 10,000, si kali zaidi.

"Tumbawe likipauka, ongeza mwanga"

Hii ndiyo inayoua. Mwanga ukizidi, mwani hutoa kemikali zinazomchoma mwenyeji, naye huufukuza. Joto huongeza ukali wa jambo hilo. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka kuanzia pwani ya Kenya hadi Mafia. Kwa hiyo tangi la Mombasa au Dar es Salaam ambalo maji yake yamefika nyuzi 30 lisipewe mwanga hadi mwisho wa kipimo.

Tazama tumbawe lenyewe. Zoanthus wanaorefusha shingo kuelekea juu wanataka mwanga. Euphyllia anayejikunja taa inapofika kileleni, kisha akafunguka jioni, amezidiwa. Ukifunga taa mpya, anza na theluthi ya nguvu yake na upandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Tumbawe jipya lianzie chini, lipandishwe baadaye. Mwanga wa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku unatosha.

"LED haina joto, wala haichakai"

Joto lipo, ila huondokea mgongoni mwa taa. Feni ikijaa vumbi na chumvi, chipu huchoka mapema. Lenzi nayo hupata ukoko wa chumvi unaokata mwanga polepole usigundue, hivyo ifute kila wiki kwa kitambaa chenye maji baridi, taa ikiwa imezimwa na imechomolewa.

"Taa moja katikati inatosha"

Kwa tangi dogo la mchemraba, sawa. Kwa tangi la sentimita 90, mbili ndogo hushinda moja kubwa, kwa sababu tumbawe linapokua matawi hutia kivuli shina lake, na mwanga wa upande mmoja hauwezi kufika huko. Pima katikati, pembeni na chini ya miamba, andika namba kwenye mchoro wa tangi, kisha ndipo uende kuchagua matumbawe.