Maua hayo pembeni ya bango yanafanya kazi gani?

"Kaka, nataka posta yenye mtindo wa kizamani. Weka maua maua pembeni, na dhahabu dhahabu hivi." Ujumbe wa namna hii nimeshaupokea mara nyingi, na huwa naufurahia, kwa sababu prodyuza anayeuandika amechoka na mabango ambayo nyuso sita za waigizaji zinaelea juu ya jiji linalowaka moto. Anatamani kitu kinachoonyesha mkono wa mtu. Kazi huharibikia mezani kwetu sisi wabunifu, kwa dhana ambazo tumerithishana bila kuzihoji.

Dhana: mtindo wa kale ni mapambo ya kuongezea mwishoni

Hii nitakaa nayo zaidi, maana nyingine nyingi zimezaliwa humo. Kawaida yetu ni kukata picha ya mwigizaji, kuiweka juu ya mandhari yenye giza, kuandika jina la filamu, halafu ndipo tunatafuta fremu ya maua mtandaoni na kuibandika. Ifute leya hiyo, yaani tabaka lile la fremu kwenye kompyuta, uone. Bango likibaki vilevile, ujue fremu haikuwa na kazi.

Sasa chukua bango lililompa umaarufu Alphonse Mucha, mchoraji aliyezaliwa Moravia, sehemu ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki. Lilibandikwa mitaani Paris tarehe 1 Januari 1895 kutangaza tamthilia ya Gismonda, aliyoigiza Sarah Bernhardt. Lina urefu wa zaidi ya mita mbili na upana wa sentimita 74 hivi, kwa hiyo mwigizaji amesimama humo akikaribia kimo chake halisi. Nyuma ya kichwa chake kuna tao, na ndani ya tao mna vigae vidogo vidogo vya mozaiki. Mkononi ameshika kuti refu la mtende linalopanda kuelekea jina la tamthilia. Jina la ukumbi liko chini kabisa.

Vigae vile vina sababu. Hadithi inatokea Athens katika karne ya 15, na mozaiki ni sanaa ya makanisa ya Bizanti, ile dola ya kale ya Kikristo ya mashariki. Kuti nalo limetoka kwenye maandamano ya kidini yaliyomo ndani ya tamthilia yenyewe. Ziba lile tao kwa kiganja, na kichwa kinakosa pa kukaa. Ziba kuti, na jicho halina njia ya kupandia hadi kwenye jina. Kila nakshi pale inasimulia hadithi na wakati huohuo inaliongoza jicho. Kwa hiyo mtu anayetaka kujifunza kwa Mucha aanze kwa kusoma skripti, na maua yasubiri.

Kuna jambo jingine la mkono tu, ambalo hulioni mpaka ukuze picha. Katika mabango yake mengi, mstari unaozunguka umbo kwa nje ni mnene, na mikunjo ya nguo iliyo ndani yake ni myembamba. Nywele pia. Ndiyo maana mtu mwenye nguo iliyojaa maua anasimama wazi mbele ya ukuta uliojaa maua. Sisi kwenye kompyuta tunachora kwa unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, kisha tunashangaa kwa nini picha imekuwa kama ya kitabu cha watoto cha kupaka rangi.

Na watu wa huku hatuna haja ya kwenda Paris kuelewa kwamba nakshi ni mpangilio. Tandika khanga kitandani. Pindo linazunguka pande zote nne, katikati kuna mji, na chini ya mji kuna jina. Toa pindo, unabaki na kitambaa tu. Mbunifu wa khanga anajua tangu mstari wa kwanza kwamba jina litahitaji nafasi, na halibandiki juu ya embe wakati kazi imeshakwisha. Bango la filamu linaomba adabu hiyohiyo.

Dhana: Art Nouveau na Art Deco ni kitu kimoja

Art Nouveau, mtindo wa akina Mucha, ilivuma kati ya 1890 na 1910 hivi, na jina lake linahusishwa na duka alilofungua Siegfried Bing mjini Paris mwaka 1895. Mistari yake inajipinda kama shina la mmea unaotambaa. Art Deco ni ya miaka ya 1920 na 1930, na jina limetokana na maonyesho makubwa ya Paris ya 1925. Hiyo ni sanaa ya rula na bikari: miale ya jua, ngazi, pembe, mistari iliyosimama wima. Ukitaka kuiona kwa macho, Cinema Impero ya Asmara, Eritrea, iliyojengwa 1937, bado ipo, na Unguja kuna jengo la Majestic la miaka ya 1950 lenye sura hiyo.

Tofauti hii ina uzito kwa hadithi. Wapenzi wanaokutana kwenye foleni ya tiketi za sinema miaka ya hamsini ni watu wa Deco. Ukiwazungushia matawi yanayojisokota, umewarudisha nyuma nusu karne.

Dhana: mitindo hii inafaa filamu za zamani tu

Bango la Metropolis la mwaka 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, ni la filamu inayozungumzia jiji la siku zijazo, na ni miongoni mwa mabango ya filamu yenye bei kubwa kuliko yote yaliyowahi kuuzwa. Mtindo unabeba hisia, na hisia haina tarehe.

Dhana: ni sanaa ya Wazungu, sisi tunaiga

Ile mistari minene ya nje imejifunzwa kwa kiasi kikubwa kutoka picha za Japani za kuchapwa kwa mbao, zilizofurika Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mwaka 1856 Owen Jones alichapisha mjini London kitabu kikubwa cha nakshi za dunia, baada ya miaka ya kuchunguza jumba la Alhambra la Waislamu wa Hispania. Wabunifu wengi wa Ulaya walichota humo.

Ila kuwa na urithi wetu si ruhusa ya uvivu. Naona kila filamu ya Pwani ikipewa mlango wa Zanzibar uleule, wenye tao la mviringo na maua yaliyosongamana. Milango ya namna hiyo ilishamiri mwishoni mwa karne ya 19, na mkono wa mafundi wa Kihindi unaonekana humo. Milango ya zamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Mzee wa Lamu atakayeona mlango wa tao kwenye hadithi ya karne ya 18 atajua hapohapo kwamba hukuuliza mtu.

Dhana: herufi utachagua mwishoni

Alfred Roller wa Vienna alichora herufi zinazojaza nafasi yote kama matofali ya ukuta. Miaka ya 1960 Wes Wilson alizikuta, akazifanya msingi wa mabango ya muziki ya San Francisco, na mpaka leo ukiziona unasikia gitaa. Herufi ina nguvu ya kiasi hicho.

Kwa Kiswahili kuna la kuangalia zaidi. Maneno yetu yamejaa herufi A. Fonti nyingi za mtindo wa Art Nouveau zina A iliyopinda mguu au yenye kofia, nayo ikitokea mara moja kwenye jina la Kifaransa inapendeza. Kwenye jina kama "Maharagwe ya Mama" itatokea mara sita, na msomaji atachoka. Kabla ya kulipia fonti, andika kwanza A, K, M na W, kisha andika jina lote la filamu. A ikikushinda, ichore mwenyewe.

Dhana: dhahabu ndiyo ukale

Mabango yale yalichapwa kwa litografia: mchoro kwenye jiwe la chokaa kwa kalamu ya mafuta, na kwa kawaida jiwe moja kwa kila rangi. Kila rangi ilikuwa gharama, ndiyo maana nyingi zimetulia na zinaelewana. Dhahabu inayong'aa kwenye skrini, kwa wino wa kawaida wa rangi nne, haichapiki. Nimewahi kupokea mabango 200 ambayo dhahabu yake ilikuwa kama mchuzi wa binzari, na kosa lilikuwa langu kwa kutoomba nakala ya majaribio. Ukiitaka kweli, lipia wino wake maalumu, au tumia manjano iliyokolea karibu na kijani cha giza, jicho litaimalizia.

Dhana: cha zamani ni bure

Nchi nyingi za Ulaya hulinda kazi kwa miaka 70 baada ya msanii kufa. Mucha alifariki 1939, hivyo michoro yake ilitoka kwenye ulinzi huo mwishoni mwa 2009. Cassandre, aliyechora bango la meli Normandie mwaka 1935, alifariki 1968, na kwa hesabu hiyo kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2038. Tanzania na Kenya zinahesabu miaka 50, lakini filamu yako ikipanda mtandaoni itatazamwa hata Paris. Jifunze mpangilio, usinakili mchoro.

Kazi yangu ya mwisho ya aina hii ilikuwa ya filamu fupi kuhusu mwanamke wa Lamu anayemsubiri mumewe aliyeko baharini. Sikuchora mlango. Nilichora zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyopangana ukutani katika nyumba za kale, na katika kila kimoja nikaweka kitu cha ndani: sahani, chetezo, taa, kofia ya mkono. Kimoja nilikiacha kitupu. Nilipomtumia dairekta kwenye simu, bango likiwa na upana wa kidole gumba, jibu lake lilikuwa moja: jina la filamu lishuke kidogo, kile kitupu kisizibwe.