Barua ya wakili si amri ya mahakama

Katika makundi ya WhatsApp hapa Uganda huzunguka ujumbe usemao kwamba mfululizo wa katuni zinazowaigiza watu mashuhuri kwa mzaha ukisitishwa baada ya barua ya wakili, basi mahakama imeupiga marufuku, na mwenye kipande chake kwenye simu atakamatwa. Sivyo. Barua hiyo ni onyo la kusudio la kushtaki, wala haimpi yeyote mamlaka ya kukamata. Watayarishaji huweza kuacha kazi kwa kuhofia gharama za kesi tu, jambo linalosikitisha, na ukimya wao ndio unaowachanganya watu. Amri halisi huwa na namba ya kesi, majina ya wadaawa (pande za kesi), sahihi na muhuri, nayo huthibitishwa kwenye masjala (ofisi ya kumbukumbu) ya mahakama iliyoitoa. Tafadhali, usisambaze ujumbe usiotaja namba hiyo.