Chuo mashuhuri si ajira ya uhakika
Wengi huamini kuwa ukishaajiriwa na chuo kikuu mashuhuri, umefika: kazi ya maisha na fedha tele za utafiti. Sivyo. Mwanasayansi wa biokemia Katalin Karikó alianza kazi Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, mwaka 1989. Maombi yake ya ruzuku yalikataliwa tena na tena, na mwaka 1995 akashushwa cheo. Katika vyuo vya aina hii, mtafiti wa tiba mara nyingi hujitafutia fedha za maabara, hata sehemu ya mshahara wake. Inaumiza, kwa sababu wazo zuri laweza kuchelewa kueleweka.

Faida kubwa ya vyuo hivi, naamini, ni watu. Hapohapo Pennsylvania, Karikó alikutana na Drew Weissman, mtafiti wa kinga ya mwili, na mwaka 2023 wakatunukiwa Nobel ya Tiba kwa utafiti uliowezesha chanjo za mRNA (molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini) dhidi ya UVIKO-19.