Elfu sabini ya Entebbe inaishia wapi

Mimi ni dereva wa gari la programu hapa Kampala, yale unayoita kwa simu kama Uber. Jumatatu usiku nimebeba mama mmoja kutoka uwanja wa ndege wa Entebbe, ametua na ndege ya Nairobi, mtu wa Mombasa, Kiswahili chake kitamu mpaka unatamani jamu iongezeke. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, tukaongea mvua, tukaongea bei ya vyakula, tunakaribia Kajjansi ndo akaniuliza, "Mwanangu, kwani nyinyi madereva wa huku mna tamaa ya nini? Wawili wamenikataa kabla yako, na elfu sabini za Uganda nalipa."

Nilimjibu taratibu kwa sababu ni mzazi. Lakini hiyo kitu nimeisikia mara nyingi mno, juzi kwa kijana mmoja Ntinda, wiki iliyopita kwa mtu wa ofisi aliyenifundisha biashara kutoka Acacia hadi Bugolobi bila kupumua, na kila anayeisema anaisema kwa uhakika, eti nauli anayolipa yeye ndo pesa anayopata dereva, basi dereva akikataa safari au akigoma ni tamaa. Hapana. Leo naandika yote, nikishamaliza nitakuwa nawatumia watu linki.

Niko kwenye hii kazi tangu 2017, naendesha Toyota Premio ya mtu, na kwenye kundi letu la wasapu mimi ndiye wanayenitumia skrinishoti za malipo niwapigie hesabu, kwa hiyo nimeona hesabu za watu wengi kuliko za kwangu mwenyewe. Mambo ya historia nayapita haraka: Uber imeingia Kampala Juni 2016, Taxify ikafuata 2017 halafu 2019 ikabadilisha jina ikawa Bolt, inDrive ikaja na mtindo wa kupatana bei, boda za programu zilikuwepo hata kabla. Mwanzoni pesa ilikuwepo kweli, bonasi za wiki zilikuwa zinakujia tu, watu wakachukua magari kwa mkopo kwa kuangalia ile pesa ya bonasi. Halafu bonasi zikapungua, nauli zikashuka ili zishindane, mikopo ikabaki palepale. Ugomvi wetu umeanzia hapo.

Sasa hesabu. Chukua ile elfu sabini ya mama. Tuseme komisheni ya kampuni ni asilimia 20, zinatofautiana kati ya programu na programu lakini tuchukue 20. Elfu kumi na nne imeondoka, inabaki 56,000. Kutoka uwanjani hadi Ntinda alikokuwa anaenda ni kama kilomita 45, na mimi nilishuka Entebbe mtupu, kwa hiyo ni 90, na hizi 45 za kwenda hakuna anayezilipa. Premio kwa barabara ile inakula lita moja kwa kilomita 12 kama injini iko sawa, hizo ni lita saba na nusu, lita ukiihesabu kwa elfu tano ni 37,500. Inabaki 18,500. Barabara ya Expressway, ile mpya ya kasi ya Entebbe, tangu Januari 2022 ni ya kulipia, gari dogo elfu tano, abiria analipa ile ya kurudi naye, ile ya kwenda mtupu nalipa mimi. Inabaki 13,500. Maegesho ya uwanja sijaweka, data sijaweka, kuosha gari sijaweka, na mwenye gari anataka laki mbili kila wiki iwe mvua iwe jua, yaani kama elfu thelathini na tatu kwa siku ukifanya kazi siku sita. Ile safari imenila zaidi ya saa tatu ukiweka na kusubiri ndege iliyochelewa.

Rudi juu uangalie tena. Kampuni 14,000. Dereva 13,500, kabla ya mwenye gari.

Hapa ndo naomba watu waelewe maana hapa ndo kila mtu anateleza. Mtu anasikia asilimia 20 anasema ah, ndogo, hata wakala wa nyumba anachukua yake. Lakini asilimia 20 inakatwa kwenye nauli nzima, juu kabisa, kabla petroli haijaguswa, na gharama zote zinazofuata ni za upande mmoja. Ukitoa petroli na barabara, kilichobaki cha kugawana kwenye ile safari kilikuwa 27,500, na kampuni imechukua zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo petroli ikipanda, wao asilimia yao haisogei, anayesogea ni mimi. Januari 2022 madereva wa malori waligoma Malaba kwa ajili ya vipimo vya korona mpakani, mafuta yakakatika, petroli Kampala ikafika elfu kumi sehemu zingine, na mimi nauli kwenye simu yangu ilikuwa karibu ileile ya Desemba. Nilipaki gari siku nne. Abiria wangu wa kila siku alinitumia meseji akiniuliza kama nimemkasirikia.

Na za mjini ni mbaya zaidi ingawa watu wanafikiri za mbali ndo mbaya. Safari ya 6,000, kilomita nne. Komisheni 1,200. Lakini mteja yuko kilomita tatu kutoka nilipo, kwenye jamu ya Jinja Road, hizo tatu ni za bure, jumla kilomita saba, kwenye jamu gari linakula lita kwa kilomita 10, hiyo ni 3,500. Inabaki 1,300 kwa dakika arobaini. Rolex moja ya kando ya barabara, ile chapati ya kuviringishia mayai, inaimaliza.

Sasa tuje kwenye mgomo. Watu wakisikia mgomo wanafikiria ile siku ya kukusanyika, magari yamepangwa, waandishi wa habari, polisi. Hiyo ipo, mara chache. Mgomo wa kweli wa Kampala hauna tangazo na wewe unaupanda kila siku bila kujua. Ukiita gari dereva anapiga simu, "Boss uko wapi, unaenda wapi, unalipa keshi?" Wewe unaona dereva mshamba asiyejua kusoma ramani. Ramani anaijua. Anauliza unaenda wapi kwa sababu mara nyingi simu haijamwonyesha vya kutosha kujua kama hiyo safari itamlipa petroli. Anauliza keshi kwa sababu pesa ya kadi inakuja baadaye na tenki lake lina lita mbili sasa hivi. Akiona haitoki, hakanseli yeye, akikansela alama zake zinashuka na akaunti inaweza kufungwa, kwa hiyo anakaa. Ile gari unayoiona kwenye ramani imesimama dakika kumi haisogei, dereva hajapotea na hajalala, anangoja wewe ndo ukansele. Hiyo ni kukataa bei. Anaikataa peke yake, kimya, bila chama, kwa njia pekee ambayo haimfukuzishi kazi.

Ni haki kwa abiria? Si haki, nasema wazi. Kuna mama mjamzito aliachwa hivyo pale Wandegeya na mmoja wetu, dereva mwenyewe alitueleza kwenye kundi, na hakuna aliyemtetea. Dereva anabishana na kampuni, na anayepigwa ni abiria aliyesimama juani. Hilo sina jibu lake, nimelifikiria miaka.

Mgomo wa wazi nao una ugonjwa wake na huu sijaona mtu akiueleza vizuri. Tunakubaliana kuzima programu Ijumaa saa kumi na moja jioni. Nusu wanazima kweli. Magari yakipungua, bei inapanda yenyewe, mashine ndo imeundwa hivyo, wateja wengi magari machache nauli juu. Sasa yule ambaye hajazima anaona safari ya elfu kumi imekuwa elfu kumi na nane. Na yule aliyezima amekaa nyumbani ana deni la mwenye gari, anachungulia simu, anaona rangi nyekundu ya bei kupanda ramani nzima. Saa moja usiku amewasha. Sisi wenyewe tunapozima ndo tunatengeneza ile pesa inayovunja mgomo wetu. Sijui namna ya kuizuia, kufungiana barabara na kuvunjiana vioo nimeona mahali wakijaribu na sitaki kuwa sehemu yake.

Ndo maana wenzetu kila mahali wanalenga uwanja wa ndege. Mei 8, 2019, siku mbili kabla Uber haijaanza kuuza hisa zake sokoni, madereva waligoma miji mingi ya dunia. Februari 14, 2024, huko Marekani wakachagua viwanja vya ndege kabisa, saa chache tu. Uwanjani abiria ana mabegi, ana saa, hawezi kutembea kwa mguu, na mlango ni mmoja, kila mtu anaona. Wewe msafiri wa Entebbe siku kama hiyo hutakwama, niseme ukweli, kuna teksi za uwanja zenyewe zimepanga mstari, utalipa zaidi na utafika. Mwenye pesa kidogo anachukua boda mpaka Kitooro, hapohapo Entebbe, halafu teksi ya watu kumi na nne hadi mjini kwa barabara ya zamani, Abayita Ababiri, Kajjansi, Zana, Kibuye, ukiwa na muda. Anayeumia ni anayekwenda kupanda ndege alfajiri. Huyo nimwambie: siku ukisikia fununu usiamini zile dakika tatu za kwenye simu, kwenye mgomo gari linaonekana na halipo. Panga na dereva unayemjua tangu jana yake, toka saa moja kabla ya ulivyopanga.

Na dereva usiyemjua akikuambia ukansele mwende bila programu, usikubali usiku. Hakuna rekodi ya safari, hakuna anayejua uko kwenye gari gani. Nasema hivi nikiwa nimeshawahi kubeba watu bila programu, wateja wangu wa siku zote, wenye namba yangu, na ile elfu kumi na nne ikabaki mfukoni na mwisho wa mwezi ikalipa karo. Kampuni inaita wizi. Mimi usiku wa kwanza sikulala vizuri, sasa nalala.

Kuna wanaosema dawa ni sheria. Hapo ndo nachanganyikiwa zaidi. Kenya kanuni za 2022 zimeweka komisheni isizidi asilimia 18, vizuri, tulishangilia hata sisi. 2024 madereva wa Nairobi wakagoma tena na wakaanza kubandika bei zao wenyewe kwenye magari, kwa sababu ukipunguza komisheni kwenye nauli ndogo bado ni nauli ndogo. Tanzania mwaka huohuo wa 2022 LATRA, mamlaka yao ya usafiri wa nchi kavu, wakashusha komisheni hadi 15, Uber ikasimamisha huduma Aprili, ikarudi mwaka uliofuata baada ya kiwango kupandishwa. Uingereza mahakama ya juu kabisa iliamua Februari 2021 kwamba madereva wale ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo, na kwamba muda wa kazi unahesabiwa ukishawasha programu na uko tayari kubeba. Hiyo ya kuhesabu muda wa kusubiri ndo naitamani kuliko zote. Lakini New York wameweka malipo ya chini tangu 2019 yanayoangalia na muda huo wa kukaa bila mteja, na 2024 kampuni zikawa zinawafungia madereva nje ya programu saa zisizo na watu ili wasihesabiwe. Kwa hiyo nikiulizwa unataka nini, nasema nauli ya chini kwa kilomita, na kilomita za kumfuata mteja zilipwe hata nusu, na nikishasema hivyo najiuliza kama wateja wa 6,000 hawatahamia boda wote. Huenda. Mteja wa Kampala naye hana pesa, ndo ukweli, dada wa Bugolobi anayelipwa laki nne kwa mwezi siwezi kumwambia aongeze elfu tatu kila jioni.

Mama wa Mombasa nilimpigia hesabu hii yote kwa mdomo, tulikuwa tumekwama roundabout ya Kibuye. Alinyamaza. Tulipofika alitoa elfu kumi juu ya nauli, nikaipokea na kumshukuru, akaniuliza, "Na wale wawili walionikataa, ningewapa hii wangekuja?" Nikamwambia labda mmoja.

Kwenye kundi wameanza tena, wanataka tuzime Ijumaa ijayo. Wengi wamejibu ndiyo. Mimi nimesoma sijajibu, leo asubuhi nimeweka petroli ya elfu thelathini na Jumamosi mwenye gari anakuja kuchukua yake.